Mizani za Mwalimu

Ifakara ina mizani, yaani silabi, nne: I-fa-ka-ra. Kilombero nayo nne: Ki-lo-mbe-ro. Ukiyaunganisha majina hayo mawili unapata mizani nane kamili, kipande kizima cha utenzi. Mtunzi hapati bahati hiyo kila siku. Yerusalemu peke yake inakula tano. Zinabaki tatu za kusemea jambo lenyewe.

Ndiyo maana namstaajabia Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare. Kazi hizo hazikudai vina.

Aliacha urais mwaka 1985, akaongoza Tume ya Kusini, kisha akawa msuluhishi katika mgogoro wa Burundi. Katika miaka hiyo ya ustaafu alijitwika kazi ngumu zaidi: kuzitia Injili katika tenzi. Zilichapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Kwanza aya husomwa mpaka kiini chake kijitenge: nani, wapi, kasema nini. Kisha maneno hupimwa. “Akaenda” ina mizani nne. Ikizidi, husukwa kuwa “akenda”, tatu. “Akamwambia” ni tano; ukiiondoa irabu ya mbele inabaki “kamwambia”, nne, na msikilizaji hapotezi kitu. “Mtu” ni mbili, kwa kuwa ile m husimama peke yake. Baada ya mizani huja vina: vipande vitatu viitikiane, cha nne kibebe kina cha kufungia ubeti. Neno lenye kina kinachotakiwa husogezwa mwishoni, na sentensi nzima hupangwa upya kulifuata.

Mtunzi wa kisa chake mwenyewe akikwama kwenye kina huongeza jambo, au hubadili tukio. Mfasiri wa Injili hana ruhusa hiyo. Neno la kujazia, likiwa zuri namna gani, ni neno ambalo Yesu hakulisema. Hufuta, huanza ubeti upya. Mwalimu, aliyeweza kuhutubia umati kwa saa nyingi, alikubali kubanwa hivyo, kipande kwa kipande, katika Mathayo, Marko, Luka na Yohane.

Ukizipata, usizisome kwa macho tu. Zighani.