Asiyependwa, Aliyesahaulika, Asiyejulikana: Uhakiki wa Tafsiri za Maneno Matatu ya Kiingereza kwa Mfano wa Waha wa Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maneno ya Kiingereza *unpopular*, *overlooked* na *obscure* yanavyotafsiriwa katika Kiswahili cha kitaaluma. Kwa kutumia mfano wa Waha na lugha yao, inadaiwa kuwa tafsiri zilizozoeleka huongeza chuki isiyokuwamo, humficha mtenda na humtwisha mtendwa lawama. Neno *manamba* linatumika kuonesha kuwa suala hili si la kamusi pekee.

1.0 Utangulizi

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu lugha au fasihi ya jamii isiyoandikiwa sana hulazimika kutafsiri maneno ambayo wataalamu wa Kiingereza huyatumia bila kuyatafakari. Matatu kati ya hayo hujitokeza mara nyingi: *unpopular*, *overlooked* na *obscure*. Visawe vilivyozoeleka ni *-siopendwa*, *-liosahaulika* na *-siojulikana*. Swali la makala hii ni iwapo visawe hivyo vinasema kile kinachokusudiwa, na vinawafanyia nini watu wanaoelezwa kwavyo. Mfano unatoka katika nyanda za juu za Kigoma, hususani Kasulu na Kibondo, zilikokuwa tawala za Heru na Muhambwe, na ambako Kiha ni lugha ya nyumbani na ya sokoni.

2.0 Asiyependwa

Neno *unpopular* lina maana mbili: kukosa wapenzi wengi, na kuchukiwa. Kiingereza huiachia miktadha kazi ya kuzitofautisha. Kiswahili hakina nafasi hiyo katika kitenzi *-penda*, kwa kuwa ukanushi wake huelemea upande mmoja. Mtu akisema "sipendi ugali wa muhogo", hamaanishi kwamba hana hisia yoyote juu yake. Anamaanisha kuwa unamkera. Kwa hiyo "lugha isiyopendwa" haieleweki kuwa lugha yenye wanafunzi wachache, bali lugha inayochukiwa. Mtafsiri aliyetaka kutoa taarifa ya idadi hujikuta ametoa hukumu. Maelezo kama "isiyo na wanafunzi wengi" ni marefu zaidi, lakini hayamsingizii mtu chuki.

3.0 Aliyesahaulika

Kasoro ya pili ni ya kisarufi. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, *kusahauliwa*, na kauli ya kutendeka, *kusahaulika*. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe kwa kihusishi *na*: "lugha hii imesahauliwa na wapangaji wa sera". Kauli ya kutendeka kwa kawaida haimpi mtenda nafasi. Tendo linaonekana kana kwamba limetokea lenyewe, kama chungu kilivyovunjika au uzi ulivyokatika.

Isitoshe, kiambishi *-ik-* kina maana nyingine, ya uwezekano au ustahiki. Chakula kinacholika ni kile kinachofaa kuliwa. Vivyo hivyo, mtu anayedharaulika anaweza kueleweka kuwa ndiye anayestahili dharau. Hivyo basi "jamii iliyosahaulika" hubeba kivuli cha jamii iliyo rahisi kusahauliwa, na sababu ya kusahauliwa inahama kutoka kwa aliyesahau kwenda kwa aliyesahauliwa. Neno *overlooked* kwa Kiingereza lina umbo la kutendwa, na aliyepuuza anaweza kuulizwa. Tafsiri yetu ndiyo inayomwachia aende zake.

4.0 Asiyejulikana

Kiha kilipewa alama D66 katika uainishaji wa Guthrie, jirani na Kirundi, D62, na Kinyarwanda, D61. Ukaribu huo ni wa kweli, na umekuwa na gharama yake: Kiha mara nyingi hutazamwa kama kivuli cha majirani zake walioandikiwa zaidi. Msamiati wake ulichapishwa na Nakagawa mwaka 1992, na sarufi pamoja na matini zikatolewa na Harjula mwaka 2004. Kazi zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza.

Katika mazingira hayo ni rahisi kuandika kuwa Kiha ni "lugha isiyojulikana sana". Lakini haijulikani kwa nani? Bibi anayeuza maharage katika soko la Kasulu anaijua. Ni miongoni mwa lugha za Tanzania zenye wazungumzaji wengi. Kinachokosekana ni maandishi, si ujuzi. Wapo wasemao "anajulikana na wengi", nao wanatuonesha kuwa mjuzi anaweza kutajwa tukitaka. Mwandishi anayeandika *isiyojulikana* bila kumtaja asiyejua amejifanya yeye mwenyewe kuwa kipimo cha kujua.

5.0 Manamba

Huenda ikadhaniwa kuwa hoja hizi ni za mezani tu. Historia ya Waha inaonesha vinginevyo. Wakati wa ukoloni, Kigoma iligeuzwa kuwa hifadhi ya nguvukazi, jambo lililochunguzwa katika kitabu cha Rodney, Tambila na Sago cha mwaka 1983. Vijana wa Buha walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaandikishwa kwa namba, na wakaitwa *manamba*. Neno la Kiingereza la kuhesabia likawa jina la mtu.

Neno hili linastahili kutazamwa kimofolojia. *Karani* ni mmoja, *makarani* ni wengi; lakini umoja wa *manamba* hauwi *namba*. Husemwa "manamba mmoja". Mtu huyo ana wingi tu. Hata akiwa peke yake ni sehemu ya kundi. Hata hivyo, sarufi inarudisha kile ambacho nomino imekinyang'anya: husemwa "manamba *amefika*", kwa upatanisho wa viumbe hai. Nchini Kenya neno hilohilo limewahamia utingo wa matatu, nao ni watu ambao abiria huwaona kila siku bila kuwauliza majina.

Manamba hakuwa mtu asiyejulikana. Kijijini kwao Muhambwe alijulikana kwa jina, ukoo na wazazi. Alifanywa asijulikane, na aliyemfanya hivyo alikuwa na daftari mkononi.

6.0 Hitimisho

Makala hii haipendekezi kuyatupa maneno yaliyozoeleka. Inapendekeza jaribio moja: kila tunapoandika kuwa lugha, mwandishi au jamii haipendwi, imesahaulika au haijulikani, tuulize "na nani?" Jibu likipatikana, liandikwe, na kauli ya kutendwa itumike. Lisipopatikana, inafaa tujiulize iwapo jibu si sisi wenyewe. Mwanafunzi kutoka Kibondo atakayesoma kazi zetu ana haki ya kukuta kwamba lugha ya mama yake haikusahaulika. Ilipuuzwa, na waliopuuza wana majina.