Popa ya besi: kazi iko usoni na kwenye pengo

Nzi bandia wa kuvulia samaki wamefungwa kwa mkono nchini Kenya tangu enzi za walowezi, na hadi leo karakana zetu huuza kazi hiyo Ulaya na Marekani. Hapa nachambua aina moja tu: popa, chambo cha juu ya maji kinachomwiga chura, cha kumvulia besi wa Ziwa Naivasha. Samaki huyo aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Hula sana kamba wekundu walioingizwa ziwani 1970, lakini akiwa amejificha kwenye mafunjo, chura akikatiza juu yake hamwachi. Naiandikia Kitui kwa sababu ukishapata ndoana, vingine vyote viko sokoni kwetu.

Mwili hutoka kwenye lapa kuukuu la sponji. Usichukue akala, itazama. Bomba la antena ya redio lililonolewa mdomo hutoa kipande cha mviringo kilicho sawa pande zote. Fundi wa kuchonga angekimbilia muvuti, maana mti wake ni mwepesi kweli. Mimi singeutumia: rangi ikipasuka kwa kugonga mawe, mti hunywa maji, ilhali sponji hata likitoboka huelea.

Mkia ni singa za mkia wa mbuzi. Wamarekani hupenda nywele za kulungu wao, ambazo zina uwazi ndani; uzi ukikazwa husimama na kutawanyika, nazo huelea. Singa za mbuzi hazina tabia hiyo, kwa hiyo usizifanye mwili. Zifunge nyuma tu, na hapo udhaifu wake unageuka kuwa faida. Zikilowa huvuta nyuma chini, uso ukabaki juu, na popa ikakaa majini kama chura aliyetulia. Nywele za swala tusiziguse kabisa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini 1977.

Kabla ya kufunga, pitisha uzi kwenye nta ya nyuki. Nta ya Mwingi inatosha. Uzi wenye nta haurudi nyuma unapolegeza mkono, na singa hazichomoki. Mbele ya mkia zungusha unyoya wa shingo ya jogoo, mara tatu au nne. Miguu ni vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli.

Sasa uso. Ukiukata bapa, popa huteleza na kurusha maji kidogo. Ukiuchimba kidogo katikati, kila ukivuta mshipi uso humeza hewa na kutoa mlio, na mlio huo ndio unaomwita besi kutoka mbali. Usiuchimbe sana, la sivyo popa itapiga mbizi.

Kosa linaloharibu popa nyingi nzuri kwa macho liko chini yake. Fundi huchanja sponji katikati, akaizamisha ndoana ndani, akatia gundi. Mwili unajaza pengo kati ya shina la ndoana na ncha yake, na samaki anauma sponji bila kunaswa. Chanja upande wa chini kabisa, ili karibu mwili wote ukae juu ya shina. Funga shina kwa uzi kwanza ili gundi ipate pa kushika, maana sponji kwenye chuma kitupu huzunguka baada ya kurushwa mara chache.

Popa isiyo na rangi lakini yenye pengo wazi itanasa samaki. Iliyopambwa ikaziba pengo, usiinunue wala usiiuze.