Rangi ya Stesheni Haisomwi kwa Jicho Tupu

Stesheni kongwe ya reli inapokarabatiwa, paa hupewa mhandisi, msingi hupewa mpimaji, na rangi huachiwa kamati. Mmoja anakumbuka njano, mwingine anaapa ilikuwa krimu. Mwishowe fundi anakwaruza ubao kwa kisu, anaona rangi ya chini kabisa, na anakwenda dukani kuchanganyiwa inayofanana nayo. Mara nyingi jengo huishia na rangi ambayo halikuwahi kuwa nayo. Rangi ya asili inaweza kujulikana kwa uhakika mkubwa, ila kwa sharti moja: ushahidi wa nyaraka, wa picha na wa rangi yenyewe iliyo ukutani uchunguzwe kila mmoja peke yake, kisha ndipo ulinganishwe.

Tuchukue stesheni za mbao za kampuni ya reli ya Southern Pacific huko California, Marekani. Kampuni hiyo haikumwachia kila msimamizi achague rangi yake. Ilikuwa na michoro ya viwango iliyotumika katika mtandao wake wote, na stesheni ya Goleta ya mwaka 1901, ambayo leo ni makumbusho, ilijengwa kwa mchoro wa namna hiyo. Rangi nazo zilipangwa: kuta za njano iliyoitwa Colonial Yellow, mbao za pembeni za kahawia hafifu, na paa la kijani kilichofifia. Kwa mtafiti, utaratibu huo ni hazina. Maelekezo ya kampuni, hati za ununuzi na vipande vya kadi vilivyopakwa rangi ili kumwonyesha mtengenezaji kilichotakiwa, vyote vinaweza kupatikana katika hifadhi za nyaraka na kwa vyama vya historia ya reli.

Hata hivyo karatasi inaeleza kilichoamriwa, wala haithibitishi kilichopakwa. Jina la rangi linaweza kudumu kwa miongo kadhaa huku mchanganyiko wake ukibadilika. Kadi iliyofungiwa kabatini nayo hubadilika, kwa kuwa mafuta ya kitani yaliyotumika kuchanganyia rangi za zamani huingia umanjano yakikaa gizani. Ndiyo maana uchunguzi hauna budi kufika kwenye ubao wenyewe.

Kazi ya ubaoni huanza kwa kuchagua mahali pa kuchukua sampuli. Ukuta uliopigwa na jua na mvua kwa miaka mia umeshapoteza matabaka yake ya mwanzo. Mtafiti hutafuta palipofichika: chini ya upenu, nyuma ya kibao cha jina la stesheni, kwenye pembe za fremu, chini ya ubao uliogongomelewa baadaye. Hukata kipande cha milimita chache kwa kisu cha daktari wa upasuaji, na ni lazima kipande hicho kishike matabaka yote hadi kwenye mbao yenyewe. Kila sampuli hupewa namba, hupigwa picha mahali ilipotoka na huandikwa kwenye mchoro wa jengo. Kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, anayekata huvaa barakoa na hulowesha mahali anapokata ili vumbi lisiruke.

Sampuli huzamishwa katika resini, na ikishaganda husuguliwa upande mmoja hadi matabaka yaonekane kwa ubavu. Chini ya hadubini, unene usiozidi milimita moja au mbili huonyesha historia nzima ya jengo. Hapo ndipo kosa la fundi mwenye kisu linapofichuka. Rangi ya chini kabisa mara nyingi ni ile ya msingi tu, ambayo abiria hawakuiona hata siku moja. Mkono wa kwanza na wa pili ulipakwa ndani ya siku chache, kwa hiyo katikati yake hakuna uchafu. Tabaka lililokaa nje miaka kadhaa kabla ya kufunikwa huacha mstari mwembamba wa masizi na vumbi, na kwenye stesheni ya treni za makaa ya mawe mstari huo huonekana vizuri. Pengine rangi iliyofuata imeingia ndani ya nyufa za tabaka hilo. Kwa alama hizo mtafiti hujua ni tabaka lipi lilikuwa la msingi na lipi lilikuwa sura ya jengo.

Kuhesabu matabaka peke yake kunapotosha. Mlango hupakwa mara nyingi kuliko upenu. Rangi ya kuta nyingine ililainishwa kwa moto na kukwanguliwa kabla ya kuta kupakwa upya, hivyo tabaka la chini linaweza kuwa la miaka thelathini baada ya ujenzi. Tena kuna mbao zilizotolewa jengo jingine, zikaja na rangi za huko. Tiba ya mkanganyiko huu ni kutafuta tabaka moja linalotambulika kila mahali na kulitumia kama alama ya kupangia mengine. Njia nyingine, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote kwa stesheni, ni kutumia nyongeza zenye tarehe. Ikiwa michoro inaonyesha kwamba chumba cha mizigo kiliongezwa mwaka fulani, mbao zake zitakuwa na matabaka ya kuanzia mwaka huo tu. Linganisha na kuta za mwanzo, na utajua jengo lilikuwa na rangi gani nyongeza ilipofika.

Kemia nayo hutoa tarehe. Rangi nyeupe yenye titani ilianza kuuzwa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910. Ikionekana katika tabaka ambalo watu wanadai ni la 1901, madai hayo yamekwisha. Zinki, iliyoenea katika rangi za mafuta tangu katikati ya karne ya 19, hung'aa kwa namna yake ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Njano pia zina tabia tofauti: ile ya udongo wenye chuma hustahimili jua miaka mingi, wakati ile ya kromati ya risasi huweza kugeuka nyeusi au kahawia. Mtafiti asiyejua njano yake imetokana na nini anaweza kuipima kwa ustadi, kumbe anapima uharibifu.

Picha za zamani zinahitaji tahadhari kubwa. Bamba za mwanzo za kupigia picha zilihisi mwanga wa buluu na urujuani tu, na hata baada ya Hermann Vogel kugundua mwaka 1873 namna ya kuzifanya zihisi kijani, nyekundu iliendelea kutoonekana. Bamba zilizohisi rangi zote ziliingia sokoni mwaka 1906, na hazikuenea mara moja. Kwa hiyo katika picha ya zamani, ukuta wa njano unaweza kuonekana wa kijivu kizito, mbao nyekundu zikawa nyeusi tii, na buluu hafifu ikawa nyeupe. Picha hizo zitumike kujua mpangilio: wapi rangi moja iliishia na nyingine ikaanza, kama fremu ilikuwa nyeusi kuliko ukuta, maandishi yalikuwa wapi. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935, na slaidi za wapenzi wa reli zina thamani kubwa, lakini zinashuhudia miaka ya baadaye, si siku ya ufunguzi.

Tabaka sahihi likishapatikana, hufunuliwa dirisha dogo ubaoni, upana wa sentimita chache, na huachwa kwenye mwanga siku kadhaa ili umanjano wa mafuta upungue. Ndipo hupimwa. Mfumo wa Albert Munsell, uliochapishwa mwaka 1905, hueleza rangi kwa mambo matatu: aina yake, wepesi au uzito wake, na ukolezi wake. Vipimo hivyo vikiandikwa, rangi inaweza kuchanganywa tena baada ya miaka hamsini, hata kama kiwanda kimefungwa. Kutaja namba ya kadi ya kampuni ya rangi hakutoshi, kwa kuwa kadi hufutwa. Mng'ao uandikwe pia: rangi ya mafuta ya zamani iling'aa kuliko rangi nyingi za maji za leo, na rangi ileile ikipoteza mng'ao hubadilisha sura ya jengo.

Linabaki swali ambalo hadubini haiwezi kulijibu: jengo lirudishiwe rangi ya mwaka gani? Mnara wa Eiffel ulianza na wekundu, ukapita kwenye kahawia na njano, na katika upakaji wa karibuni wahusika waliamua kurudia njano ya kahawia ya mwaka 1907. London, ukarabati wa stesheni ya St Pancras uliokamilika 2007 ulilipa paa kubwa la chuma la William Henry Barlow, lililofunguliwa 1868 likiwa na upana wa mita 73 hivi bila nguzo katikati, buluu hafifu ya anga kama ya enzi ya Victoria. Uamuzi wa namna hii ni halali ukitajwa wazi: mwaka gani, kwa sababu gani, kwa ushahidi upi. Usio halali ni kuchagua rangi inayopendeza na kuibandika jina la asili.

Somo hili linatuhusu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Katika njia hizo bado kuna majengo yenye mbao, chuma na kuta za chokaa, na matabaka ya chokaa husomeka chini ya hadubini vilevile. Sampuli ni ndogo kuliko ukucha, na haichelewishi kazi. Msasa ukishapita, ushahidi umekwenda moja kwa moja. Nawaomba wasimamizi wa reli, wasanifu na wakandarasi: kabla ya kuruhusu ukwanguaji, chukueni sampuli na kuzihifadhi, na katika kila chumba acheni ukanda mmoja wa rangi za zamani bila kuguswa. Hata kama leo hakuna fedha za maabara, atakayekuja kesho atakuwa na kitu cha kuchunguza.