Gitaa Lililozaliwa Mezani kwa Fundi Redio

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, sauti inayopendwa si ile laini. Aliyesikia ngoma ya mganda, au malipenga ya ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, anajua kwamba kibuyu hakiachwi kitoe sauti tupu. Tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui, na mchezaji anapoimbia ndani yake, utando hutetema na sauti hutoka na mkwaruzo, pana kuliko koo lililoitoa. Ngoma hizo zilishamiri baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale watu waliokuwa wameziona bendi za jeshi walipoziiga kwa vile walivyokuwa navyo. Shaba hawakuwa nayo; vibuyu vilikuwapo, na maarifa pia.

Nataja hayo kwa sababu ya vijana wa Mbinga na Nyasa ambao hukesha na simu wakitazama picha za Fender Stratocaster, Gibson Les Paul na amplifaya za Marshall, huku wakipiga hesabu ya magunia mangapi ya kahawa yangetosha kununua mojawapo. Naiheshimu tamaa hiyo. Ni tamaa ya kusikika. Lakini sifa wanazozimimina kwa jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa, mimi nazidai kwa ajili ya mkono uliolitengeneza.

Gitaa la umeme, kabla ya kuunganishwa, ni ubao mzito wenye sauti hafifu. Uhai wake umo katika koili iliyokaa chini ya nyuzi: sumaku, na waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetema huutikisa usumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana ndani ya waya. Mizunguko ikizidi, sauti hunenepa na ukali wake hupungua. Ikipungua, sauti hung'aa lakini hukonda. Kisha amplifaya huupokea umeme huo na kuukuza. Katika amplifaya za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama taa, sauti ikisukumwa kupita uwezo wake vilele vya mawimbi hukatika, na hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray, akiitafuta sauti ya wimbo wake "Rumble", alitoboa karatasi ya spika kwa penseli. Alichokitafuta kwa penseli, mganda ulikuwa umekwisha kukipata kwa utando wa buibui.

Na ni nani aliyetengeneza vifaa hivi vinavyoliliwa dunia nzima? Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, aliyefungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938. Alizifungua redio na amplifaya za watu, akaona zinapofia, akaanza kuunda zake zisizofia hapo. Stratocaster ilitoka mwaka 1954. Huko London, Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki, na mafundi wake waliunda amplifaya yao ya kwanza mwaka 1962 kwa kufuata mchoro wa amplifaya ya Fender iitwayo Bassman. Kwa hiyo nyuma ya majina hayo makubwa mna kazi ya kufungua, kupima, kuiga na kurekebisha. Ni kazi ileile inayofanywa kila siku katika vibanda vya mafundi redio wa Mbinga, kati ya spika zilizochanika na redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Mtazame fundi wa namna hiyo anapoletewa amplifaya ya kwaya iliyozimika siku chache kabla ya sikukuu. Hakurupuki kubadilisha vifaa. Anauliza ilikuwa inalia vipi kabla ya kufa, ananusa kama kuna kilichoungua, ndipo anashika mita. Anajua kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na kwamba ndani ya amplifaya ya valvu volti zaweza kupita 400. Anajua kwamba iliyoundwa kwa volti 120 za Marekani itaungua ikikutana na 230 zetu bila transfoma ya kushusha. Ngurumo nzito inayoendelea hata mpigaji akinyamaza humwelekeza kwenye waya wa ardhi au kapasita iliyochoka. Sikio lake limesoma. Kabla gridi ya Taifa haijafika Songea mwaka 2018, huku kusini muziki ulitegemea sana jenereta na betri za gari, na wa kuufanya usikike alikuwa fundi huyo.

Historia ya muziki wetu wa dansi inatukumbusha kwa nini ujuzi huu ni mali. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park Orchestra ilikuja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpigaji aliyeifanya Radio Tanzania ing'are kwa solo yake angeweza kuhama na vidole vyake tu, gitaa lingebaki.

Anayejua kuunda hayuko hivyo. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono No. 1 alitengeneza maikrofoni za likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za magari mabovu, na dunia ikamfuata kusikiliza mkwaruzo wake. Nasi malighafi tunayo: mkoa wetu wa Ruvuma una miti ya mninga na mpingo. Mpingo wa kusini mwa nchi yetu huvuka bahari kwenda kuwa klarineti. Sumaku zimo katika spika zilizokufa. Waya za breki za baiskeli zimekwisha kulia kwenye magitaa ya makopo na magaloni tangu zamani. Kinachopungua ni watu wa kukaa na fundi mpaka mikono yao ijue.

Basi parokia, misikiti na shule zenye amplifaya mbovu stoo, kuanzia Kigonsera hadi Liuli, zisiziuze kama chuma chakavu. Amplifaya hizo zipelekwe mezani kwa fundi, na kando yake akae kijana mwenye tamaa ya gitaa. Ayeyushe risasi kuukuu ya kulehemu kwenye viungo, asome mchoro, azungushe koili, akosee, arudie. Pengine siku moja atainunua ile Stratocaster. Akiinunua, ataifungua bila hofu, na ikiharibika haitamnyamazisha.