Karatasi ya Fundi Butterick

Mwaka 1863, katika mji wa Sterling, Massachusetts, fundi cherehani Ebenezer Butterick na mkewe Ellen walianza kuuza pateni za karatasi za saizi mbalimbali. Kabla ya hapo pateni nyingi zilikuwa za saizi moja, na mshonaji alihangaika mwenyewe kuzitanua au kuzipunguza.



Leo pateni tatu tu, ya blauzi, sketi na suruali, zinamtosha mtu kujishonea nguo za kupishanisha. Blauzi 3, sketi 2 za kitenge na suruali moja yenye bluu ileile ya maua ya kitenge humpa mavazi 9 tofauti.

Utamu wa kazi uko kwenye kujaribisha. Mshonaji makini hutangulia kukata kitambaa cha bei nafuu, mara nyingi marekani, jina lililobaki pwani tangu meli za Salem, mji wa jimbo lilelile la Butterick, zilipokuwa zikileta pamba hiyo Unguja. Hukipiga bandi, hukivaa, huinama, huketi. Kitambaa kikijikunja mgongoni chini ya kiuno, hubana kwa pini, hutia alama ya chaki, kisha hupunguza sentimita 1 kwenye karatasi yenyewe ya pateni ya sketi. Sketi zote zitakazofuata zitamkaa.