Maji Hayangoji Mazungumzo

Reli ya kutoka Tanga na ile ya kutoka Voi hukutana Kahe, kwenye tambarare iliyo kusini-mashariki ya mji wa Moshi. Ya kwanza ni kazi ya Wajerumani. Ya pili waliitandika Waingereza harakaharaka katika Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani hao hao, na Machi 1916 pande hizo mbili zilipigana papo hapo Kahe. Ni maadui waliounganisha njia zao. Zikaungana kwa sababu ya kifundi tu: zote zilikuwa na upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, basi behewa la huku likaweza kupita kule.

Makutano hayo hunijia kila ninapocheza gemu iliyochanganya aina mbili. Zinazofaulu zina kipimo kimoja kinachopita pande zote, na kwa maoni yangu kipimo chenyewe si michoro wala hadithi. Ni muda.

Gemu ya advencha, kwa asiyezijua, ni ile unayomwongoza mhusika kwa kubofya: nenda pale, okota kamba, ongea na muuza ndizi, funga kamba kwenye ndoo. Muda wake ni wa kusubiri. Ondoka ukale, uoge, ulale. Utamkuta mhusika wako amesimama palepale na kamba yake mkononi. Gemu za kukimbia, kupigana au kulima hazina subira hiyo. Anayetaka kuzioanisha anaoanisha saa mbili zisizokwenda sawa, na kwa anayeanza hapo ndipo kazi ilipo.

Injini, yaani programu ya kujengea gemu, iliyowafungulia wengi mlango wa advencha ni Adventure Game Studio. Mwingereza Chris Jones aliitoa mwaka 1997 ikiwa programu ya DOS yenye jina la Adventure Creator. Ni ya bure, msimbo wake uliwekwa wazi mwanzoni mwa miaka ya 2010, na inakwenda hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kwetu hilo si jambo dogo. Lual Mayen, mtengenezaji wa gemu wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, amesimulia mara nyingi kwamba mama yake alidunduliza miaka 3 ndipo akamnunulia kompyuta yake ya kwanza. Mtu wa namna hiyo hachagui injini kwa fahari.

Ufundi wenyewe huanza na kupaka rangi ambazo mchezaji hataziona kamwe. Tuseme mwanafunzi mmoja wa Kahe, anayejifunza injini hii, amechora ukingo wa mfereji: nyuma mlima, Kibo kushoto na Mawenzi kulia kama unavyoonekana kutoka upande huu, katikati majaruba ya mpunga, mbele mti mnene. Juu ya picha hiyo anapaka tabaka za rangi kavu zisizo na uzuri wowote. Moja huiambia injini pale miguu inaporuhusiwa kukanyaga: ukingoni, si majini. Nyingine huonyesha vitu vinavyojibu vikibofywa, kama lango la mbao au jembe lililoegemezwa. Ya tatu, ninayoipenda kuliko zote, hupakwa juu ya mti kisha huwekewa mstari mmoja wa mlalo. Miguu ya mhusika ikiwa juu ya mstari, yaani mbali zaidi, mti humfunika. Akishuka chini yake, yeye ndiye anayeufunika mti. Mstari mmoja tu, na picha bapa inapata kina. Ukiwekwa juu mno, mtu aliye nyuma ya mti ataonekana amebandikwa juu ya shina. Mafundi wazuri huuweka pale mizizi inapoingia ardhini, na hujaribu kumpitisha mhusika huku na huku hadi jicho liache kushtuka.

Halafu kuna mwendo. Mhusika huhitaji mfululizo wa picha za kushuka, kwenda kushoto, kulia na kupanda, na picha ya kwanza katika kila mfululizo ni ya kusimama. Anayeanza huchora miguu inayopishana, akaridhika. Aliyezoea huchora na bega, kwa kuwa mtu aliyebeba jembe hatembei kama aliyeshika simu.

Sasa aingize maji. Ukanda huu wa chini ya Moshi hulima mpunga wa kumwagilia. Mradi wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, na kadiri mashamba yalivyoongezeka upande wa juu, ndivyo maji ya walio chini yalivyopungua. Huko milimani nako Wachaga wana mifongo, mifereji iliyochimbwa tangu kabla ya ukoloni, yenye zamu zake na ugomvi wake. Ukitazama kwa jicho la mtengeneza gemu, zamu ya maji ni gemu ya mikakati iliyokwisha kukamilika: kitu kimoja kisichotosha, watu wengi wanaokihitaji, na saa inayokwenda. Kilichobaki ni kuiingiza ndani ya advencha.

Kwa kawaida injini hii huzunguka mara 40 kwa sekunde. Ndani ya mzunguko huo mwanafunzi anaweka namba, anaipa jina maji, kisha anaagiza ipungue moja kila sekunde. Kompyuta haijali kwamba jina ni la Kiswahili. Anaendesha gemu, na namba inashuka vizuri. Mchezaji anamwendea mzee anayesimamia zamu, anamwamkia shikamoo, na mzee anaitikia bila haraka: “Marahaba, mwanangu. Za nyumbani? Mama hajambo?” Muda wote huo maji yamesimama. Halipungui hata tone moja mpaka mzee amalize kuulizia ukoo mzima.

Si hitilafu. Amri ya kumfanya mhusika aseme husimamisha mzunguko mpaka maneno yaishe, kwa sababu injini ilijengwa kwa imani, na ni imani ya haki kabisa, kwamba mtu akiongea dunia inyamaze imsikilize. Lakini upo mlango wa nyuma: sehemu nyingine ya msimbo inayoendelea kuzunguka hata wakati wa mazungumzo, kwa sharti kwamba usiweke humo amri yoyote ya kusubiri. Hamishia maji huko, na ghafla kila salamu ina gharama. Mchezaji mwenye haraka ataruka “shikamoo” ili aokoe maji. Na mzee asiyeamkiwa ana haki ya kumpa jirani zamu yako. Hapo mazungumzo yamekuwa mkakati, na mkakati umekuwa adabu. Hakuna awezaye kuonyesha advencha inapokoma na kilimo kinapoanza.

Waliotangulia waliutatua ugomvi huu wa saa kila mmoja kwa njia yake. Ben Croshaw alikuwa na mhusika mwizi, Trilby, aliyeanza katika 5 Days a Stranger ya mwaka 2003, gemu ya mafumbo ya kawaida. Mwaka 2007, kwa injini ileile, akatoa Trilby: The Art of Theft: mwizi ameondolewa kwenye kipanya, anaendeshwa kwa kibodi, anaruka, anajibanza vivulini, anachokonoa makufuli. Hakujaribu kuweka kila kitu. Alichagua saa ya kunyatia, akaizima ile nyingine karibu yote. Joshua Nuernberger, katika Gemini Rue ya mwaka 2011, alizibakiza zote mbili na kuzipokezanisha: upelelezi wa polepole, kisha risasi, mpiganaji akijificha na kuchungulia, kisha upelelezi tena. Ni kazi nzuri sana, ila mshono unauona. Risasi zikianza, ile gemu ya kwanza hutoka nje kupunga upepo.

Ninayoistahi zaidi ni Heroine's Quest ya mwaka 2013, iliyotolewa bure na Crystal Shard. Imefuata njia iliyopasuliwa na Lori na Corey Cole mwaka 1989 katika Quest for Glory: mafumbo ya advencha, pamoja na mhusika anayekua kwa mazoezi, akiwa mpiganaji, mchawi au mwizi. Mle mna baridi ya kaskazini na njaa. Shujaa asipopata chakula na moto huumia, awe anapigana au anapekua droo za watu. Njaa moja hupita katika aina zote mbili za gemu, nawe unasahau kwamba ziliwahi kuwa mbili.

Mwanafunzi wetu ana nafuu moja ndogo ambayo wenzake wa lugha nyingine hawakuwa nayo: Kiswahili hakidai herufi zenye vikofia wala vinukta, kwa hiyo hata fonti kuukuu za injini zinakiandika chote, pamoja na ng'ombe na ritifaa yake. Anaweza kuandika maneno ya mzee jinsi mzee anavyosema.

Kitakachomchosha ni zamu ya usiku. Ipo amri moja ya kuwatia wahusika wote rangi ya giza, lakini mandhari haiguswi na amri hiyo. Itabidi achore picha ya pili ya mfereji uleule, mlima umemezwa, majaruba yameiva rangi ya bluu. Chumba kimoja kinabeba hadi mandhari 5, kwa hiyo nafasi ipo. Alfajiri nayo inaweza kupata yake. Ila tabaka zile za rangi zisizoonekana ni zilezile kwa picha zote, basi mti wa usiku usisogee hata nukta moja kutoka pale uliposimama mchana, la sivyo mstari wa shinani utamsaliti mkulima anayepita nyuma yake na tochi.