Pokémon Bora Ni Ile Inayokumbuka Nyasi

Wacha nianze na ubishi, tutaelewana baadaye. Katika mfululizo wote wa Pokémon, tangu 1996, ni gemu mbili tu zinazoelewa Pokémon ni kitu gani. Ya kwanza ni Gold, pamoja na pacha wake Silver, ya 1999. Ya pili ni Legends: Arceus ya 2022. Zilizobaki ni tamu, nimezicheza hadi vidole vikaota sugu, na mojawapo naipenda kuliko hizo mbili. Lakini kupenda ni kitu kimoja na kusema hii ndiyo bora ni kitu kingine. Nyinyi wa Emerald nawasikia mkiguna. Kaeni kidogo.

Kipimo changu ni nyasi.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: wewe ni mtoto, unatoka kwenu, na ukipita nyumba ya mwisho unakuta nyasi ndefu. Ukiingia humo hujui nini kitakutokea. Unatembea hatua mbili, tano, kumi, skrini inameta, na mnyama amesimama mbele yako. Unapigana naye hadi achoke, unamrushia mpira, mpira unatingika, na roho yako inatingika nao. Beji, jimu, mabingwa, kuokoa ulimwengu, hayo yote ni chumvi na pilipili. Chakula chenyewe ni zile hatua ndani ya nyasi.

Mimi nilizikuta nyasi hizo karibu 2010, kwenye saiba moja hapa Kitengela, shilingi moja kwa dakika. Gemu ilikuwa FireRed, ile ya 2004 iliyotengenezwa upya kutoka kwa Red ya kwanza, na tuliicheza kwa programu inayoigiza Game Boy Advance ndani ya kompyuta. Kifaa chenyewe hatukuwa nacho, wala hatukumjua mtu aliyekuwa nacho. Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu wa Isinya, ambaye alikuja kwetu kila likizo. Yeye alishika mishale, mimi nikashika Z na X. Kompyuta moja, faili moja, pesa za kuchanga. Tukitoka nje, nyuma ya mtaa kulikuwa na uwanda hadi macho yachoke, na wakati wa kiangazi punda milia walipita karibu na kamba za kuanikia nguo. Wakati ule sikuwahesabu kama kitu. Nilikuwa na haraka ya kurudi ndani nimtafute Pikachu katika msitu wa Viridian.

Sasa sikia. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alizaliwa 1965 na kukulia Machida, pembeni mwa Tokyo, wakati Machida bado ilikuwa na mashamba na vidimbwi. Alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu. Mji ukapanuka, mashamba yakafunikwa, wadudu wakatoweka. Baadaye, alipoiona kebo ya kuunganisha Game Boy mbili, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine. Huo ndio mwanzo wa kila kitu. (Na kabla Game Freak haijawa kampuni, ilikuwa kijarida cha kuchambua gemu alichokianzisha 1983, kikiandikwa kwa mkono. Kwa hivyo wachambuzi msitudharau.)

Yaani Pokémon ni kilio cha mtu ambaye uwanja wake wa utotoni uligeuzwa ploti. Nikilijua hilo, siwezi tena kuicheza kama mtu wa mbali. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ina ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na punda milia watoke mvua ikinyesha, wazurure uwanda wa Athi-Kapiti, kisha warudi kiangazi. Sisi watu wa Kitengela tumejenga katikati ya huo mlango. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua na wasiuze. Dola 4. Halafu anakuja mtu na bahasha ya hamsini kwa mia.

Turudi kwenye FireRed, ile ninayoipenda. Nikiwa mtoto nilipita mji wa Fuchsia bila kufikiri. Leo naona hapo ndipo gemu ilipojichoma yenyewe. Fuchsia ina mahali panapoitwa Safari Zone. Unalipa 500 mlangoni, unapewa mipira 30, unahesabiwa hatua. Humo ndani hupigani na mnyama. Unamrushia chambo au jiwe, ukiomba asikimbie. Hatua zikiisha unatolewa nje. Neno letu wenyewe, safari, ambalo kwetu ni kutoka na kwenda, huko limekuwa boma la kulipia kiingilio. Nani atasema Wajapani wamekosea? Nenda lango la mbuga uone kama neno hilo halijabadilika maana hata hapa kwetu. Lakini FireRed haishangai. Kwake Safari Zone ni kituo kimoja tu kati ya vingi, unamshika Tauros wako unasonga. Imeona ua, haikuuliza nani aliliweka.

Gold ndiyo inayouliza. Miaka mitatu imepita katika hadithi, na ukimaliza nchi mpya ya Johto unaruhusiwa kurudi Kanto, nchi ya gemu ya kwanza. Watu wengi husifu hilo kwa sababu ni jimu nane za ziada. Mimi nalisifu kwa sababu ya vitu vilivyokosekana. Msitu wa Viridian, uliotupoteza watoto wote, umebaki miti michache kando ya njia. Safari Zone imefungwa. Mji wa Lavender ulikuwa na mnara wa makaburi ya Pokémon, mahali pa kutisha kuliko pote katika gemu ya kwanza. Sasa mnara umekuwa kituo cha redio, na makaburi yamehamishiwa kwenye nyumba ndogo. Najua mtaniambia msitu ulikatwa kwa sababu nafasi kwenye katriji ilikuwa finyu. Sawa. Lakini mchezaji haoni katriji, anaona msitu uliokuwepo na sasa haupo. Mtu akirudi Kitengela baada ya miaka mitatu hahitaji kuelezewa hisia hiyo. HeartGold ya 2009 iliirudisha Viridian ikiwa na miti yake yote, mashabiki wakashangilia. Mimi nikaona wamefuta ukurasa uliokuwa wa kweli.

Black na White za 2010 zilikuwa na ujasiri wa aina nyingine. Nilizicheza mwaka nilioacha chuo, ada ikiwa imenishinda na kozi yenyewe ikiwa imenichosha, nikarudi kulala chumba kile kile cha utotoni. Hadi umalize hadithi unakutana na Pokémon wapya peke yake, 156, hakuna mzee wa zamani wa kukushika mkono. Na kuna kijana anaitwa N, anayesema kuwaweka wanyama ndani ya mipira ni dhuluma na waachwe huru. Kwa mara ya kwanza gemu inakuuliza wewe, mwenye mipira mfukoni, unafanya nini hasa.

Halafu inaogopa jibu. Inageuka kuwa Ghetsis, mzee aliyemlea N, alitaka kila mtu aachilie wanyama ili abaki nao yeye peke yake. Basi, swali limekufa, piga adui, nenda nyumbani. Nilimsimulia binamu hadithi hiyo akacheka. Kwao Isinya waliwahi kupoteza mbuzi tisa usiku mmoja kwa simba. Akaniambia, "Buda, shida si N ni mzuri ama mbaya. Shida ni kwamba hakuna mtu kwa hiyo gemu ana mbuzi." Sijasoma uchambuzi wa Pokémon unaoshinda huo. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela na wakazi waliochoka kupoteza mifugo. Kuna waliolia kwa ajili ya simba na kuna waliolia kwa ajili ya mbuzi, na wote walikuwa na haki ya kulia. Black ilikuwa na nafasi ya kuliandika jambo hilo, ikaandika sinema ya mwizi na polisi.

Mwisho wa Machi 2016, simba aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, na huko askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Julai mwaka huo huo ikatoka Pokémon Go. Rafiki alinitumia faili yake, nikaiweka kwenye simu, nikatoka nje kutafuta wanyama wa kuwazia kando ya Namanga Road. Sikupata kitu. Vituo vyake vilitokana na ramani ya gemu nyingine, Ingress, ambayo vilikuwa vimependekezwa na wachezaji wenyewe, na wachezaji hao hawakuwa wengi pande zetu. Kwa hivyo gemu iliyojisifu kuwatoa watu nje ilikuwa na nje yake, na nje yangu haikuwemo. Hiyo naiweka mkiani kabisa, na sioni haya.

Sword na Shield za 2019 zilitukanwa kwa sababu orodha yake ilikuwa na Pokémon 400, si wote. Nadhani watu walipigania kitu kisicho na maana. Kosa lake halikuwa idadi. Ilikuwa na Wild Area, uwanda mpana ambapo unamwona mnyama mkubwa kwa mbali na kuamua kukimbia, kisha ukitoka hapo, njia zote ni korido. Scarlet na Violet za 2022 zilivunja korido, nchi yote ikawa wazi, nakala milioni 10 zikauzwa siku tatu za kwanza. Tusizungumzie hitilafu zake, kila mtu amezicheka tayari. Langu ni kwamba nyumba nyingi za mijini hazina mlango wa kuingia. Uwanda umefunguka, ila hakuna anayeishi kando yake.

Hapo ndipo Arceus inapoingia. Inakupeleka Hisui, nchi ambayo vizazi vya mbele itaitwa Sinnoh, ile ya Diamond na Pearl. Katika Diamond, Jubilife ni jiji la magorofa. Katika Arceus ni kijiji kimoja chenye ua wa mbao, na nje ya ua watu wanaogopa. Wanyama hawasubiri zamu yao. Wanakurukia wewe mwenyewe. Unainama ndani ya nyasi, unatambaa, unapumua polepole. Na kila aliyeicheza Diamond anajua jambo ambalo wanakijiji hawalijui: kijiji kitashinda. Baadhi ya maumbo ya Pokémon unaowashika huko Hisui, katika Sinnoh hayapo tena. Gemu haikuhubirii. Inakupa mpira na kukuacha.

Niliazimwa Switch wikendi moja, nikamwita binamu. Siku hizi yeye ni broka wa ploti. Ndiye anayewapeleka watu kuona mawe ya mipaka Isinya hadi karibu na Kajiado mjini, na kwa kazi hiyo amemlipia dada yake karo hadi amemaliza. Nilipoanza kumsomea nadharia yangu ya nyasi alinikata. "Unalilia nyasi, na hapo umekaa ni wapi?" Tulikuwa tumekaa kwenye ploti ya baba, hamsini kwa mia, iliyonunuliwa 1998. Sikuwa na jibu na bado sina. Ndiyo maana nasema gemu hii ni bora: mtu wa nyasi na mtu wa ploti wanaweza kuicheza kwenye skrini moja, na hakuna anayetoka akiwa msafi.

Kuna jambo la mwisho, dogo. Katika FireRed, Haunter hageuki Gengar hadi umbadilishane na mtu mwingine kwa kebo. Sisi tulikuwa wawili lakini kompyuta moja, kwa hivyo Haunter wetu alikaa Haunter, likizo baada ya likizo, hadi siku tulipokuta faili imefutwa. Arceus ina kifaa kinachoitwa Linking Cord. Ukimpa Haunter anageuka papo hapo, bila kumhitaji mtu wa pili. Nilipokipata nilimpa binamu kidhibiti abonyeze yeye. Akabonyeza, taa zikawaka, Gengar akatokea akicheka. Tukakaa kimya kidogo.

Kisha akasogeza kamera, akaangalia kile kijiji, ule ua wa mbao, na uwanda uliokuwa nyuma yake.

"Hii," akasema, "ni kabla hawajaanza kupima."

Akanirudishia kidhibiti. Alikuwa na mteja saa nane.